Kirumba usiku wa roki: pa kusimama, saa ya kuingia, njia ya kutoka

Anayekwenda Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, kutazama mpira anajua raha iko karibu na mstari. Kwenye onyesho la roki hesabu hiyo inageuka. Aliyebanwa kwenye fensi ya mbele anaona viatu vya mpiga solo na kupigwa besi ya kifuani, lakini maneno ya wimbo yanampita juu ya kichwa, kwa sababu spika kubwa zimetundikwa juu na kuelekezwa kwa watu wa nyuma. Mwenzake aliyesimama mita 40 nyuma, kwa kiingilio kidogo zaidi, anapata wimbo mzima. Kwa hiyo kabla ya kuwaza nguo, usafiri na nani mnakwenda naye, amua utasimama wapi. Mambo mengine yanajipanga kufuata hapo.

Mtafute fundi sauti

Ukishaingia usiangalie jukwaa kwanza. Angalia katikati ya kiwanja utafute kibanda cha turubai kilichoinuliwa kidogo, chenye vioo vya kompyuta na taa hafifu. Mara nyingi kiko mita 30 hadi 50 kutoka jukwaani. Humo anakaa fundi sauti na miksa yake, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, na kila anachopandisha au kushusha anakipima kwa masikio yake mwenyewe, pale pale alipo. Sauti inayomridhisha yeye ndiyo iliyokusudiwa. Kwingineko kote uwanjani ni makadirio. Simama mbele kidogo ya kibanda hicho, au ubavuni mwake. Usikae nyuma yake, kwa sababu turubai na mabomba yake yatakuzibia nusu ya jukwaa.

Hata hapo usigande. Besi haina tabia za gitaa. Masanduku ya besi yakipangwa kushoto na kulia mwa jukwaa, mawimbi yake hufika pamoja kwenye mstari wa katikati na kuongezana nguvu. Ukisogea pembeni, wimbi la upande mmoja linachelewa kuliko la upande wa pili, na baadhi ya noti zinauana. Wimbo wa kwanza ukianza, piga hatua tano kushoto, kisha kumi kulia. Utasikia besi inanenepa na kukonda kama vile kuna mtu anachezea kitufe. Baki pale ambapo ngoma ya mguuni na gitaa la besi unazisikia kama vitu viwili tofauti. Ukisikia mngurumo mmoja tu, sogea tena.

Wa kwenye mzunguko wana tatizo lao. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na uwanja wa mpira una urefu wa kama mita 105. Jukwaa likijengwa nyuma ya goli moja, aliyekaa nyuma ya goli la pili anaisikia ngoma karibu theluthi moja ya sekunde baada ya kuiona ikipigwa. Mwangalie mpiga drams: fimbo inashuka, inagusa, inaanza kupanda tena, ndipo mlio unafika. Waandaaji makini husimamisha nguzo za spika katikati ya uwanja na kuzichelewesha kwa mtambo ili sauti zake zifike pamoja na zile za jukwaani. Kama nguzo hizo hazipo, usinunue tiketi ya goli la mbali. Chukua mzunguko wa pembeni, usawa wa robo ya kwanza ya kiwanja, na ukae safu za katikati kwenda juu. Safu za chini kabisa watu wanasimama mbele yako, na hakuna wa kuwakalisha.

Kuna pia mwangwi. Ukuta na ngazi za jukwaa la watazamaji lililo mkabala hurudisha sauti, na walio karibu na bendi huisikia mara ya pili baada ya zaidi ya nusu sekunde. Uwanja ukijaa watu, mwangwi hupungua, kwa sababu miili na nguo hunyonya sauti kuliko zege tupu. Ndiyo maana wakati wa kujaribu mitambo mchana kila kitu hulia kama ndani ya pipa. Hilo lisikutie hofu.

Upepo nao una sehemu yake. Kando ya ziwa, mchana upepo hutoka majini kuja nchi kavu, na usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda majini. Upepo unaotoka jukwaani kuja kwako huinamisha sauti kuja chini ulipo. Ule unaotoka kwako kwenda jukwaani huipeleka juu, ikapita hewani. Ukiona upatu wa drams na herufi za "s" zinapeperuka, mara zipo mara hazipo, ni upepo, mitambo ni mizima. Sogea karibu na spika mita 20 na tatizo litapungua.

Wanaonung'unika kwamba viwanja havikujengwa kwa muziki wana haki, na si malalamiko ya leo. Bendi ya The Beatles ilipopiga kwenye uwanja wa Shea Stadium, New York, tarehe 15 Agosti 1965, mbele ya watu wapatao 55,600, sauti ilipitia spika za matangazo za uwanja wenyewe. Kelele za mashabiki ziliifunika bendi kiasi kwamba wapigaji wenyewe hawakuweza kujisikia. Mitambo mikubwa ya kutundika na miksa ya katikati ya kiwanja ilizaliwa kutokana na shida za namna hiyo.

Tiketi na saa iliyoandikwa kwenye bango

Nunua mapema kwa njia iliyotangazwa na waandaaji wenyewe. Tiketi ya mlanguzi wa getini ina hatari mbili: ya bandia, na ile halisi ambayo picha ya msimbo wake wa kuchanganuliwa getini imeshauzwa kwa watu watano. Mashine ya getini humkubali wa kwanza tu. Kwa sababu hiyo hiyo usiitupie tiketi yako kwenye status ya WhatsApp ikiwa na msimbo wake wazi. Chapisha nakala kwenye karatasi pia, au ipige picha ya skrini, kwa maana getini intaneti huwa imekufa.

Soma saa ya bango kwa makini. "8:00" ya bango la Kizungu ni saa 2 usiku, na kila mara kuna mtu anayefika saa 8 mchana kupigwa na jua bure. Lakini pia jua tofauti kati ya saa ya kufungua mageti na saa ya bendi kuu. Mwanza jua huzama kati ya saa 12:35 jioni na saa 1:10 usiku, kutegemea mwezi, baadaye kuliko Dar es Salaam, na bendi ya roki inayotembea na taa zake haipendi kuanza kabla ya giza. Kati ya bendi moja na nyingine tarajia nusu saa ya ukimya. Wengi wetu tumezoea msanii anayepanda na maikrofoni moja na muziki ulioshushwa kwenye kompyuta, anayefuata anaingia papo hapo. Roki hupigwa mubashara: drams za wa kwanza zinaondolewa, za pili zinasogezwa, na fundi anajaribu maikrofoni moja moja, ya ngoma ya mguuni, ya upatu, ya kila gitaa. Usipige miluzi. Hizo dakika 30 ndizo zitakazoamua utakachosikia.

Mfukoni na mwilini

Vaa raba zilizofungwa kamba mara mbili. Kandambili hubaki kiwanjani, na usiku ule hutaziona tena. Suruali yenye mifuko ya zipu, fulana, na sweta jepesi au shati la mikono mirefu, kwa sababu usiku wa ziwani unapoa na mbu wapo. Paka dawa ya mbu kabla ya jua kuzama; malaria ya kanda hii haina likizo. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaotanda kama moshi na kufuata taa hawaumi, ila funga mdomo unapoimba ukiwa chini ya nguzo ya taa.

Msimu wa mvua, yaani Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei, beba koti la mvua jepesi. Mwavuli huzuia wa nyuma yako na walinzi huuchukua getini. Ngurumo zikikaribia, toka kwenye eneo la wazi na kaa mbali na mabomba ya jukwaa na nguzo za spika: kanda ya Ziwa Victoria ina radi nyingi, na jukwaa ni chuma kirefu katikati ya uwanda. Onyesho likisimamishwa kwa ajili ya radi, hiyo ni kazi nzuri ya waandaaji, si uzembe wao. Na kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, simu yako itunze kwenye kipochi cha kuzuia maji, badala ya kutegemea kuokota rambo njiani kama zamani.

Fedha toa kwa wakala ukiwa bado mjini, kwa noti za elfu moja na elfu mbili. Watu maelfu wakisongamana kwenye minara ile ile, menyu ya kutuma pesa hukwama katikati na muuza maji hana muda wa kusubiri ujumbe wako. Gawanya: nauli ya kurudi soksini au mfuko wa ndani, ya matumizi mfuko wa mbele. Mfuko wa nyuma ni wa vibaka.

Kula kabla ya kuingia, kama saa 9 au 10 alasiri, chakula cha kushiba. Mwaloni hapo Kirumba si mbali, na ugali kwa sato unakufikisha usiku wa manane vizuri kuliko chipsi za getini. Ila samaki mwenye miba haliwi kwa haraka. Ukichelewa, agiza maharage. Maji anza kunywa tangu asubuhi, kidogo kidogo. Anayesubiri kiu getini ndiye huyo anayebebwa na Msalaba Mwekundu saa 2 usiku.

Getini

Lenga kufika mageti yanapofunguliwa au saa nzima baadaye. Usifike dakika 20 kabla ya bendi kuu, saa ambayo kila mtu amepanga kufika. Hatari ya onyesho kubwa mara nyingi haiko ndani, iko mlangoni. Tarehe 3 Desemba 1979, mashabiki 11 wa bendi ya The Who walikufa Cincinnati, Marekani, kabla hata onyesho halijaanza: nafasi nyingi hazikuwa na namba, kila mtu alitaka kuwahi mbele, na milango iliyofunguliwa ilikuwa michache. Waliokuwa nyuma walisukuma bila kujua kinachotokea mbele. Sisi nasi tuna la kwetu: Machi 2021 watu 45 walipoteza maisha kwenye msongamano wa Uwanja wa Uhuru, Dar es Salaam, wakati wa kuaga mwili wa Rais John Magufuli.

Kwa hiyo ukiwa kwenye foleni ikaanza kuwa kundi, yaani hakuna tena mbele na nyuma, kuna mabega tu, toka pembeni usubiri. Kupoteza wimbo mmoja ni bei rahisi. Usisimame kati ya umati na ukuta, wala kati ya umati na fensi. Na usisukume mgongo wa mtu kwa kuwa nawe umesukumwa, inua mikono juu, geuka, na mwambie wa nyuma yako kwa sauti: "Rudi hatua moja, huku mbele pamefunga." Ujumbe husafiri mtu kwa mtu, na wa nyuma ndiye pekee anayeweza kulegeza.

Ukishapita, simama dakika tatu. Tambua mageti yote ya kutokea, siyo lile uliloingilia tu. Ona vyoo viko wapi, hema la huduma ya kwanza liko wapi. Kubaliana na wenzako mahali pa kukutana mkipotezana, na pawe na alama isiyohama: nguzo fulani ya taa, kona fulani ya ukuta. "Kwa muuza mishikaki" si alama, huyo atahamia penye wateja. Wekeni na saa: kwa mfano, kila baada ya bendi kumaliza, dakika kumi, pale kwenye nguzo. Simu zitagoma. Ujumbe mfupi hupenya pale ambapo kupiga hakuwezekani, basi andika SMS na uiache ijitume yenyewe.

Choo kina siri yake. Wote hukimbilia wakati wa mapumziko kati ya bendi mbili. Wewe nenda bendi ya utangulizi ikiwa katikati ya zamu yake.

Masikio

Hapa ndipo watu wanapodharau. Kiwango kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda kwa nusu. Desibeli 94 ni saa moja. Desibeli 100, ambazo ni kawaida kabisa mbele ya jukwaa la roki, ni dakika 15. Bendi kuu hupiga saa moja na nusu hadi mbili, na umeshasikiliza za utangulizi. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2022, limeweka wastani wa desibeli 100 kuwa kikomo cha kumbi na matamasha.

Dawa ni vizibo vya sponji, vile vya viwandani, vinavyopatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini na baadhi ya maduka ya dawa. Pamba na tishu hupunguza kidogo sana, unajidanganya tu. Kizibo nacho kikivaliwa vibaya hakifanyi kazi, na wengi hukivaa vibaya. Nawa mikono. Kisokote kwa vidole hadi kiwe chembamba kama njiti nene ya kiberiti, bila mikunjo. Mkono wa pili upitishe nyuma ya kichwa, shika ncha ya juu ya sikio, livute juu na nyuma ili tundu linyooke. Ingiza kizibo, kisha kizuie kwa kidole sekunde 30 kinapovimba. Kikikaa sawa, sauti yako mwenyewe utaisikia kama inatoka ndani ya mtungi. Sehemu kubwa ikiwa bado inachungulia nje, kitoe, anza upya.

Namba ya desibeli zinazopunguzwa, iliyoandikwa kwenye pakiti, hupatikana maabara; uwanjani hesabu nusu yake. Kizibo cha 30 kikikupunguzia 15, desibeli 100 zimekuwa 85, na sasa una saa 8 badala ya robo saa. Vaa kabla ya mlio wa kwanza, usingoje kuumia. Wanaosema vizibo vinaua raha hawajavijaribu kwa wimbo wa tatu: kelele za juu zinapungua, na mara nyingi maneno yanasikika vizuri zaidi. Kilichobaki kikiwa kizito, kama umefunikwa blanketi, ni kwa sababu sponji hukata sauti za juu kuliko za chini. Vipo vya mpira vyenye kichujio vinavyopunguza kwa usawa zaidi, bei yake iko juu kidogo, na hutumika tena mara nyingi.

Mtoto asiende bila vifuniko vya masikio vya kuvalia kichwani. Sponji la mtu mzima halimkai.

Ukitoka masikio yakivuma au yameziba, hiyo ni alama kwamba yamezidiwa. Kwa kawaida hutulia baada ya usingizi wa usiku kucha mahali pa kimya. Yakivuma zaidi ya siku mbili, au sikio moja likapoteza usikivu ghafla, usinunue matone dukani. Nenda hospitali yenye idara ya masikio, pua na koo, kama Bugando. Kwa usikivu uliopotea ghafla, siku chache za mwanzo ndizo zenye maana.

Ndani ya nyomi

Umati hupimwa kwa watu katika mita moja ya mraba. Wakiwa wawili au watatu unacheza. Wanne, unaguswa kila unapogeuka, lakini bado unachagua hatua zako. Wakizidi watano au sita, watu hawaamui tena. Umati unatembea kama maji, na msukumo wa nyuma unafika mbele kama wimbi la ziwa linavyofika kwenye mwamba. Huhitaji kuhesabu. Jaribu kuinua mkono kutoka kiunoni hadi usoni. Ukishindwa bila kumpiga mtu kiwiko, umeshachelewa kidogo kuondoka, basi ondoka sasa. Ukihisi miguu inaondoka chini bila wewe kuitaka, hiyo si shangwe tena.

Wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa. Mara nyingi hufa wamesimama, kwa kukosa hewa, kifua kimebanwa hakiwezi kupanuka. Ndiyo maana mikono iwe mbele ya kifua kama bondia anayejikinga, ngumi chini ya kidevu, ukiacha upenyo wa mbavu kupumua. Usipige kelele ovyo, pumzi ni mali. Usipambane na wimbi linapokuja; liache likubebe, na linaporudi nyuma, katika ule mpumuo wa sekunde chache, tembea hatua mbili tatu kwa mshazari kuelekea pembeni. Rudia. Kwenda moja kwa moja nyuma ni kupambana na kila mtu. Simu ikianguka, imekwenda, usiiname. Ukianguka wewe, lala ubavu, kunja magoti kifuani, funika kichwa, na ushike mkono wowote utakaouona. Aliye mbele kabisa kwenye fensi anyooshe mikono yote miwili juu: mabaunsa wa ndani ya fensi wamewekwa hapo kumvuta mtu anayetaka kutoka, si kumpiga.

Kisha kuna lile duara. Kwenye vibao vya kasi mashabiki wa roki hufungua nafasi katikati, halafu hukimbiliana na kupigana vikumbo. Asiyejua hudhani ugomvi umezuka na huanza kuita polisi. Lina sheria zake: viwiko chini, hakuna ngumi, hakuna mateke, na anayedondoka wote husimama wakamwinua kabla ya kuendelea. Miwani vua, hereni vua, begi usiingie nalo. Usiyetaka, rudi mita tano. Waliosimama ukingoni ndio ukuta wake, na ndio wanaopokea vikumbo bila kuomba.

Bendi ikipanda

Wimbo wa kwanza usihukumu sauti. Fundi aliweka vipimo vyake uwanja ukiwa mtupu, na sasa umejaa. Anahitaji wimbo mmoja au miwili kurekebisha. Ukifika wa tatu na bado mwimbaji hasikiki, hama wewe, usimsubiri.

Nyimbo zisikilize wiki nzima kabla, ukizishusha kwenye simu kwa bando la usiku. Nusu ya raha ya roki uwanjani ni kiitikio kinachoimbwa na maelfu pamoja, na kiitikio hakijifunzwi palepale. Maneno ya Kiingereza ukiyakosa, shika vokali. Kwa sauti ile hakuna atakayejua.

Kurekodi, chagua wimbo mmoja. Maikrofoni ya simu huzidiwa na besi na kutoa mkwaruzo, hasa ukiwa mbele. Ukisogea karibu na kibanda cha fundi mkwaruzo unapungua. Usikuze picha kwa vidole, itakuwa ukungu. Shika simu usawa wa uso wako, isiwe juu ya kichwa, nyuma yako kuna mtu aliyelipa kama wewe.

Usiku ukielekea mwisho, bendi itaaga, itashika mikono, itaondoka. Hapo ndipo nusu ya uwanja hukimbilia mageti na kukosa kibao walichokuja kukisikia. Ni desturi ya roki kurudi kwa nyimbo mbili tatu baada ya kuitwa. Angalia ishara: taa za uwanja zikiwa bado zimezimwa, gitaa zikiwa kwenye stendi na vitaa vidogo vya mitambo jukwaani vinawaka, wanarudi. Taa kubwa zikiwashwa, muziki wa kurekodiwa ukaanza kulia na vijana wakaja kukunja waya, imekwisha.

Kurudi

Usipande bodaboda langoni. Bei ni ya kukomoa, na barabara ya Makongoro inayounganisha mjini na uwanja wa ndege hufunga pande zote. Ama kaa uwanjani dakika 30 hadi umati upungue, ama tembea kwanza. Anayekwenda mjini ashuke na kundi kuelekea daraja la watembea kwa miguu la Furahisha, apande usafiri mbele ya hapo. Anayekwenda Pasiansi na Ilemela atembee upande wa pili hadi magari yanapoanza kujongea. Wa Buhongwa, Igoma na Kisesa wasitegemee daladala usiku wa manane. Bajaji ya watu watatu, mliyokubaliana na dereva na bei tangu mchana, mahali pa kuwasubiri pakiwa mbali na geti, ndiyo salama. Bodaboda omba kofia ngumu, na ukimsikia dereva ananuka pombe mwache.

Wa Sengerema na Geita wamepumua tangu Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kama kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Zamani kivuko ndicho kilichoamua utasikia wimbo wa mwisho au hutausikia. Wa Ukerewe bado wajipange kulala mjini. Chumba kikodiwe kabla ya siku yenyewe, na kiwe upande ambao utafika kwa miguu, kwa sababu saa 7 usiku nyumba za wageni za karibu na uwanja huwa zimejaa na walinzi wamelala.

Ukifika, toa vizibo polepole, kwa kuvizungusha. Ukivivuta ghafla hewa ya ndani huvuta ngoma ya sikio, na inauma.